Haki Iliyoliwa na Bei: Kizingiti cha Mshahara na Ovataimu Nchini Marekani

Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Pili, yenye makao yake New York, iliamua kesi ya wasaidizi wa meneja katika migahawa ya Burger King. Kazi yao ilikuwa moja. Walisimamia zamu na wafanyakazi wa jikoni, na wateja walipofurika waliingia wenyewe jikoni kukaanga nyama na kuhudumia kaunta sawa na wale waliowasimamia. Hata hivyo mahakama iliwagawa makundi mawili. Waliolipwa chini ya dola 250 kwa wiki walistahili ovataimu kwa kila saa iliyozidi 40, kwa sababu zaidi ya asilimia 40 ya muda wao iliishia kwenye kazi za mikono. Waliolipwa dola 250 au zaidi hawakustahili kitu, ingawa walisimama kwenye jiko lile lile. Majaji hawakubuni mgawanyo huo. Waliukuta katika kanuni za Wizara ya Kazi, ambazo kwa miongo kadhaa zilikuwa zimeweka kiasi cha mshahara kuwa mpaka kati ya mfanyakazi anayelindwa na asiyelindwa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kizingiti hicho, kikitunzwa, ndicho kinga pekee ambayo mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anaweza kuitumia bila wakili. Kikiachwa bila kuhuishwa, haki humtoka mikononi pasipo Bunge kupiga kura hata moja ya kuifuta.

Chimbuko la jambo hili ni Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi, na waliokuwa nazo wengi walifanya kazi saa nyingi kwa ujira mdogo. Mwaka 1933 Seneta Hugo Black wa Alabama alipeleka muswada wa kuweka wiki ya kazi kuwa saa 30. Haukuwa sheria, lakini fikra yake ilibaki: saa ndefu zikipunguzwa, kazi itagawanywa kwa watu wengi zaidi. Tarehe 25 Juni 1938 Rais Franklin Roosevelt, kwa juhudi kubwa za Waziri wa Kazi Frances Perkins, alitia saini Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi. Haikukataza saa ndefu, ilizifanya ghali. Mwajiri aliyemtumia mtu kupita kikomo cha wiki alipaswa kumlipa mara moja na nusu ya ujira wake wa saa. Kikomo kilianza na saa 44, kikashuka hadi 42 mwaka uliofuata na 40 mwaka 1940. Lakini sheria hiyo ilizaliwa na mapengo. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, na kwa kuwa Weusi wengi wa majimbo ya kusini walifanya kazi hizo hizo, ulinzi mpya uliwapita. Kundi jingine lililowekwa nje ni la watendaji, maofisa utawala na wataalamu. Hili liliachwa kwa dhana kwamba watu hao wana mishahara mizuri, wana sauti mbele ya mwajiri, na kazi yao haipimiki kwa saa.

Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, ila ilifungua mlango. Ikiwa mtendaji halipwi ovataimu, mwajiri ana kila sababu ya kumwita karani wake mtendaji. Ndiyo maana kanuni za kwanza za mwaka 1938 ziliweka sharti la mshahara: hakuna atakayehesabiwa mtendaji akilipwa chini ya dola 30 kwa wiki. Kima cha chini cha ujira kilikuwa senti 25 kwa saa, kwa hiyo wiki nzima ya saa 44 ilimpa mfanyakazi wa kawaida dola 11. Mtendaji alitakiwa alipwe karibu mara tatu ya hizo. Waajiri walilalamika, wizara ikaitisha vikao vya kusikiliza maoni, na mwaka 1940 Harold Stein, aliyeviongoza, akatoa ripoti ambayo bado inatajwa na wanasheria. Alifikia hitimisho kwamba kati ya vipimo vyote, mshahara ndio unaopima vizuri zaidi ukweli wa mwajiri. Cheo hakigharimu kitu. Mtu anaweza kupewa asubuhi na akaendelea kufagia jioni. Mshahara hutoka mfukoni. Mwajiri anayesema fulani ni nguzo ya biashara yake basi na amlipe kama nguzo. Mwaka huo kiwango cha maofisa utawala na wataalamu kikawekwa dola 200 kwa mwezi.

Kwa miaka 35 iliyofuata wizara iliihuisha namba hiyo mara kwa mara. Kanuni za mwaka 1949 zilipandisha kiwango cha watendaji hadi dola 55 kwa wiki, zikafuata za 1958, 1963, 1970 na 1975. Kanuni za 1949 pia zilileta mfumo wa vipimo viwili. Aliyelipwa kidogo alipimwa kwa kipimo kirefu, ambacho hakikuishia kwenye mshahara: kilihesabu pia muda ambao mtu alitumia kwenye kazi za kawaida, ambao haukupaswa kuzidi asilimia 20, na baadaye asilimia 40 kwa maduka na huduma. Aliyelipwa vizuri zaidi alipimwa kwa kipimo kifupi, ambacho hakikujali hesabu hiyo ya muda. Ndiyo siri ya kesi ya Burger King: dola 250 zilikuwa mlango wa kipimo kifupi. Mfumo huu ulikuwa wa busara, kwa sababu uliweka ulinzi mwingi mahali penye udhaifu mwingi. Nao haukupuuza hali za maeneo. Ripoti ya Harry Kantor ya mwaka 1958 ilipendekeza kizingiti kiwekwe pale ambapo asilimia 10 hivi tu ya watendaji halisi wangeachwa chini yake katika kanda zenye mishahara midogo, miji midogo na biashara ndogo. Namba ilitokana na hali za wanyonge wa soko, si na mishahara ya New York.

Viwango vya mwaka 1975 vilikuwa dola 155 kwa watendaji na maofisa utawala, 170 kwa wataalamu, na 250 kwa kipimo kifupi. Wizara yenyewe ilivitangaza kuwa vya muda, vikisubiri uchunguzi. Vilidumu miaka 29. Januari 1981, serikali ya Jimmy Carter ikiwa inafunga virago, ilitolewa kanuni mpya ya kuvipandisha. Serikali ya Ronald Reagan ikaisimamisha, na haikuanza kutumika kamwe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na haki hii iliisha hivyo hivyo. Bei zilipanda, mishahara ikapanda kwa majina ya dola, na kila mwaka watu zaidi wakavuka mstari ambao haukusogea. Aprili 1991 kima cha chini cha ujira kilifika dola 4.25 kwa saa, yaani dola 170 kwa wiki ya saa 40. Mfagiaji aliyelipwa kima cha chini kabisa alikuwa amekipita kizingiti cha mtendaji kwa dola 15. Kipimo kirefu, kilichotungwa kumlinda msimamizi mdogo, kilikufa kikiwa bado kimeandikwa vitabuni, kwa kuwa karibu kila mwenye mshahara wa wiki nzima sasa alifika kwenye kipimo kifupi au alikikaribia. Serikali ya Barack Obama ilipotangaza kanuni yake mwaka 2016, ilieleza kwamba mwaka 1975 asilimia 62 ya wafanyakazi wa mshahara wa muda wote walilindwa kwa kigezo cha mshahara peke yake, na kwamba walikuwa wamebaki asilimia 7. Hakuna mbunge aliyesimama kupendekeza jambo hilo.

Mwaka 2004 serikali ya George W. Bush iliandika kanuni upya. Kizingiti kilipanda hadi dola 455 kwa wiki, na waliokitetea walisema ni ongezeko kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ukilinganisha na 155 ni kweli. Lakini dola 155 za mwaka 1975 zilikuwa na thamani ya takriban dola 540 za mwaka 2004, na zile 250 zilizidi 850. Namba mpya haikufikia hata kile kizingiti cha chini cha zamani. Zaidi ya hapo, vipimo viwili viliunganishwa kuwa kimoja, na kilichosalia ni kile chepesi. Hesabu ya muda iliondoka. Sasa mtu aliweza kulipwa dola 24,000 kwa mwaka, akatumia sehemu kubwa ya siku kupanga bidhaa, na bado akaitwa mtendaji ilimradi wajibu wake mkuu uelezwe kuwa ni usimamizi. Wizara ilichukua namba ndogo, iliyokuwa ikifaa pamoja na kipimo kikali, ikaiambatanisha na kipimo laini kilichotungwa kwa ajili ya mishahara mikubwa.

Uzito wa kipimo hicho laini, hata kabla ya 2004, uliangukia kundi moja kuliko mengine: mameneja wa maduka na migahawa ya minyororo. Mwaka 2001 mameneja wa maduka ya Family Dollar walifungua kesi huko Alabama. Ushahidi ulionyesha kwamba walifanya kazi saa 60 hadi 70 kwa wiki, na asilimia 80 hadi 90 ya muda huo waliutumia kushusha mizigo, kupanga rafu, kukaa kwenye mashine ya fedha na kusafisha. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya 11 iliunga mkono uamuzi wa baraza la wazee wa mahakama kwamba mameneja 1,424 walistahili ovataimu, na malipo yalizidi dola milioni 35. Mtu angedhani swali limefungwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Nne ilimwangalia meneja mwingine wa kampuni hiyo hiyo, aliyeeleza kuwa karibu muda wake wote ulikwenda kwenye kazi za mikono, ikaamua kwamba alikuwa mtendaji, kwa sababu alikuwa akiendesha duka huku mikono yake ikipanga bidhaa. Kampuni moja, cheo kimoja, kazi moja, majibu mawili, na jibu la kwanza lilichukua zaidi ya miaka saba. Wanaosema kipimo cha majukumu kinatosha waizingatie kesi hii. Kipimo hicho kina haki ndani yake, lakini ni haki ya mwenye wakili, mwenye subira, na mwenye uwezo wa kumshtaki anayemlipa.

Hapa ndipo panapoonekana kwamba kizingiti hakiwagusi wote sawa. Walimu, madaktari na wanasheria hawana kizingiti kabisa. Kanuni zinawahesabu wataalamu bila kuuliza wanalipwa kiasi gani, hivyo mwalimu wa mshahara mdogo anayesahihisha madaftari usiku hanufaiki namba ikipanda hata mara mbili. Karani anayelipwa kwa saa hana haja nayo, maana analindwa tayari. Mkurugenzi anayelipwa dola laki moja na nusu yuko mbali juu ya mstari huu. Wanaoguswa ni wa katikati: wasaidizi wa meneja, wasimamizi wa zamu, maofisa wa mashirika ya hisani, watafiti wachanga wa vyuo vikuu, waratibu wa ofisi. Kanuni ya 2016 ilikadiriwa kuwagusa watu milioni 4.2, zaidi ya nusu yao wanawake. Na kuna wanaoponyoka kwa njia nyingine. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba msimamizi wa mtambo wa mafuta baharini, aliyepata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, alistahili ovataimu kwa sababu alilipwa kwa siku na si kwa mshahara usiobadilika. Wengine waliudhika kuona tajiri akipata alichokosa meneja wa duka. Kasoro hiyo haitokani na kumlinda yule wa baharini, aliyekuwa akifanya kazi saa 84 kwa wiki. Inatokana na kumwacha yule wa dukani.

Ushahidi kwamba waajiri wanaiona namba hii na kuifuata ni mkubwa. Wachumi Lauren Cohen, Umit Gurun na Bugra Ozel walichunguza matangazo ya kazi ya miaka ya 2010 hadi 2018 na kukuta kwamba vyeo vya kimeneja viliongezeka karibu mara tano mara tu mshahara ulipovuka kizingiti cha shirikisho. Mpokea wageni akaitwa mkurugenzi wa mwonekano wa kwanza. Msukuma toroli la chakula akaitwa meneja wa toroli. Stein alikuwa ameliona jambo hilo zaidi ya miaka 80 iliyopita. Tofauti ni kwamba enzi yake kizingiti kilikuwa juu kiasi kwamba kununua cheo cha uongo kuligharimu, na sasa ni rahisi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kizingiti ni la kisheria, na ni zito. Bunge lilitaja kazi ya mtu, yaani utendaji, utawala na utaalamu, halikutaja mshahara. Kwa hoja hiyo Jaji Amos Mazzant wa Texas, katika kesi iliyoletwa na majimbo 21, aliizuia kanuni ya Obama tarehe 22 Novemba 2016, siku 9 kabla ya kuanza kutumika kwa dola 913 kwa wiki. Serikali ya Donald Trump ikaweka dola 684 kuanzia Januari 2020. Serikali ya Joe Biden ikapandisha hadi 844 Julai 2024, na ikapanga 1,128 Januari 2025 pamoja na marekebisho ya kila miaka mitatu. Tarehe 15 Novemba 2024 Jaji Sean Jordan, naye wa Texas, akaifuta yote, na waliokwisha kuingia kwenye ulinzi kwa miezi minne wakatolewa. Hata hivyo Septemba ya mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tano, inayozisimamia mahakama hizo za Texas, ilikuwa imeamua kwamba wizara ina mamlaka ya kuweka kizingiti cha mshahara. Kilichobaki kubishaniwa ni urefu wake. Nami naona historia inajibu vizuri zaidi kuliko kamusi. Bunge lenyewe liliiachia wizara kufafanua maneno hayo, likairekebisha sheria mara kadhaa tangu 1938 huku kizingiti kikiwapo, na halikukifuta. Jambo lililoachwa lisimame kwa zaidi ya miongo minane haliwezi kuitwa uvamizi.

Pingamizi la pili ni la gharama. Dola 1,128 si kitu Boston, lakini ni nyingi kwa mji mdogo wa Mississippi, na shirika la hisani halina wateja wa kupandishia bei. Hili lina ukweli, na ndiyo sababu Kantor aliupima mstari kwa kanda maskini, na kanuni ya 2016 ikaujenga juu ya mishahara ya Kusini, kanda yenye malipo ya chini kuliko zote. Gharama pia haina sura moja. Mwajiri ana njia tatu: apandishe mshahara uvuke mstari, alipe ovataimu, au ampeleke mtu nyumbani saa zake zikitimia. Njia ya tatu haigharimu senti, na ndiyo iliyokusudiwa mwaka 1938. Mara nyingi kinachoitwa gharama ya ovataimu ni bei ya kazi ambayo mtu alikuwa akiitoa bure.

Pingamizi la tatu ni la heshima na uhuru: mtu aliyezoea mshahara ataona ameshushwa akianza kuandika saa zake. Sheria hailazimishi ashushwe. Anaweza kubaki na mshahara ule ule, cheo kile kile na ofisi ile ile, kisha akalipwa kinachozidi saa 40. Wengine husema waajiri watapunguza mshahara wa msingi ili jumla ibaki ilivyokuwa. Wapo watakaojaribu, lakini kima cha chini cha ujira na ushindani wa kutafuta wafanyakazi vinawabana, na hata wakifaulu, saa ya 60 itakuwa na bei. Kitu chenye bei hakitumiwi ovyo. Meneja ambaye saa zake hazina bei hataona mwisho wa zamu yake, kwa kuwa hakuna upande wa pili unaopoteza chochote akibaki.

Suala hili si la Marekani peke yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka ule ule wa 2004. Inaweka saa 45 kwa wiki na ovataimu ya mara moja na nusu, lakini masharti ya saa za kazi hayawahusu wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Hakuna mstari wa mshahara. Msimamizi wa ghala au hoteli anayejiuliza kama anastahili ovataimu inabidi aanze na ubishi juu ya nani anaripoti kwa nani, ubishi unaofanana na ule uliowagawa majaji wa Kanda ya Nne na ya 11. Wanaofikiria kuirekebisha sheria hiyo wanaweza kujifunza kwa Marekani mambo mawili: kwamba namba ni kinga ya mnyonge, na kwamba namba isiyosogea ni kinga yenye tarehe ya kufa.

Dawa inajulikana, na majimbo kadhaa ya Marekani yanaitumia. California, kwa sheria ya mwaka 1999, ilikifunga kizingiti chake kwenye kima cha chini cha ujira: mshahara lazima ufike mara mbili ya kima hicho kwa kazi ya muda wote, na zaidi ya nusu ya muda wa mtu itumike kwenye kazi halisi ya kitendaji. Mwaka 2025 kizingiti hicho kilikuwa dola 68,640, karibu mara mbili ya kile cha shirikisho, na hupanda bila kusubiri waziri mwenye ujasiri au jaji mwenye huruma. Sheria ya shirikisho yenyewe inaacha nafasi kwa jimbo kufanya hivyo. Lakini haki ya msingi ya muda wa mtu haipaswi kutegemea upande gani wa mpaka wa jimbo duka lilijengwa. Bunge la Marekani lina uwezo wa kuandika kizingiti ndani ya sheria na kukifunga kwenye mishahara ya nchi, likaondoa ubishi wa mamlaka ya wizara kwa kifungu kimoja. Lilijua kufanya makubwa zaidi mwaka 1938, nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo.